Bwana Mifugo na Mbwa wa Kuachiwa

Akifika nyumbani kwa mtu, Bwana Mifugo hakuanza na hodi. Alianza na maji. Aliinama kwenye chombo wanachonywea wanyama, iwe karai la ng'ombe au kopo la kuku, akachovya kidole, akanusa, ndipo akapaza sauti, "Wenyewe mpo?" Maji yakiwa masafi ulipata salamu. Yakiwa na utelezi ulifokewa kwanza, na shikamoo yako ikaitikiwa baadaye, shingo upande.

Alikuwa ameshastaafu nilipohamia Mshangano na mume wangu, lakini hakuna aliyemwita baba fulani. Alikuwa Bwana Mifugo, na mke wake alikuwa Mama Mifugo, ingawa yule mama hakuwahi kushika hata jogoo kwa hiari yake. Nyumba yao na yetu zinatazamana. Kati yetu kuna njia ya kupita pikipiki na ua wa michongoma uliopukutika upande mmoja. Mimi ni fundi cherehani, nashonea kibarazani, kwa hiyo mengi ya yule mzee niliyaona bila kuyatafuta. Mengine alikuwa anayaficha. Nikikumbuka yale niliyoyaona huku nimejifanya nimeinamia kitambaa, uso wangu unapata moto hadi leo.

Mavazi yake yalikuwa yale yale: koti la kaki la mifuko minne, buti za mpira kiangazi na masika, na kipimajoto kwenye mfuko wa juu, pale ambapo watu wengine huweka kalamu. Kila mtu alijua kile kipimajoto hupitishwa wapi kwa ng'ombe, kwa hiyo hakuna aliyemkumbatia. Alikuwa na maneno yake ambayo watoto wa mtaa waliyaigiza kwa kutoa vitambi: "Mnyama hana mjomba." "Huruma bila chanjo ni ugonjwa." Na lile kuhusu mbwa, alilolisema kila alipomwona mtu anamkuna mbwa masikio: "Mbwa ni kengele yenye miguu. Ikilia umelindwa, isipolia tafuta nyingine."

Lakini mtu huyo huyo, aliyeingiza mkono hadi begani ndani ya ng'ombe aliyeshindwa kuzaa, aliogopa bata mzinga. Kulikuwa na nyumba moja njiani kuelekea sokoni yenye bata mzinga watatu, naye aliizunguka kwa mbali, akipita kwenye mahindi ya watu, kuliko kukatiza mbele yao. Ukimwuliza, anasema anakagua viwavi. Nguruwe wa mtaa mzima aliwahasi yeye, na nyama yao hakuila. Si kwa dini, maana Jumapili tulikaa naye benchi moja kanisani. "Nimewasikia wakilia sana," aliniambia siku moja, kisha akageuza mazungumzo haraka, kama mtu aliyejikwaa hadharani akaendelea kutembea.

Nadhani hapo ndipo penye ufunguo wake, kama mtu anao ufunguo. Hakuona aibu kufoka, wala kukosea, wala kukufanya ulie. Aliona aibu kuonekana ana moyo laini.

Na alikuwa na sababu ya kuuficha. Enzi za kazi yake, kichaa cha mbwa kilipoingia mjini, yeye ndiye aliyepita alfajiri kwenye majalala ya Msamala na kwingineko akitega nyama yenye sumu, na yeye ndiye aliyerudi kuokota mizoga. Jirani zetu Waislamu wenye asili ya Tunduru walimpa jina la Izraili wa mbwa, na yeye alilipenda. "Nyinyi mnanicheka," alisema, "lakini hamjawahi kumwona mtoto anayekufa kwa kichaa. Anaogopa maji. Anaomba maji na anayaogopa. Mimi nimemwona."

Yupo mama mmoja mtaani kwetu anayepika pombe ya komoni. Miaka kadhaa kabla ya sisi kuhamia, mbwa wake aliyeitwa Tomi alipigana na mbwa mzururaji aliyedhaniwa ana kichaa. Tomi alikuwa hajachanjwa. Bwana Mifugo akaja na sindano. Yule mama alimwomba amfungie Tomi banda la nyuma, amwangalie mwenyewe, asimguse mtu. Bwana Mifugo akamjibu, "Sheria haina banda la nyuma." Akammaliza Tomi pale pale, akamtia kwenye gunia, akaondoka naye. Tangu siku hiyo Mama wa komoni hakumpimia hata kikombe. Mzee alipokuwa na kiu alilazimika kumtuma mtu, na yule mama alijua pombe inakwenda wapi, akapima pungufu.

Huyo ndiye mtu aliyetuletea Jamani.

Nje ya mji kulikuwa na kambi ya wajenzi wa barabara. Barabara ilipokwisha, wageni walipakia mitambo yao wakaondoka. Mhandisi mmoja wa kizungu alikuwa na mbwa wa aina ile tunayoiona kwa polisi, mgongo mweusi, masikio yamesimama, Jamani Shepadi. Alimwacha kwa mlinzi, akiahidi kwamba atatuma mtu kumchukua. Mlinzi alimlisha ukoko wa ugali mpaka naye mkataba wake ukaisha. Mbwa akabaki amefungwa mnyororo kwenye kambi tupu, akilia, na watu wa jirani wakaogopa kumsogelea. Wakamwita Bwana Mifugo, ingawa alishastaafu, aende akammalize.

Nilimwona akiondoka asubuhi na kisanduku chake cha dawa kwenye baiskeli. Nilimwona akirudi mchana, anaikokota baiskeli, na nyuma yake, kwenye kamba ya katani, kitu ambacho kwanza nilidhani ni fisi. Mbavu zote nje. Shingoni, mnyororo ulipokuwa, hakuna manyoya, ni kidonda kitupu chenye nzi. Kila walipofika kwenye kivuli mbwa alilala chini, na mzee alisimama akimsubiri, akitazama pembeni, kama anayemsubiri mtu aliyeenda kujisaidia.

Mama Mifugo alitoka nje akiwa na mwiko mkononi.

"Si ulikwenda kuua?"

"Dawa ilikuwa imepitwa na wakati," alijibu.

"Na huyu?"

"Wa kuachiwa. Mwenyewe atatuma mtu."

Neno hilo alilishikilia. Mwenyekiti wa mtaa alipouliza, mbwa ni wa kuachiwa. Padri alipotania, mbwa ni wa kuachiwa. Hakumpa jina, kwa sababu mwenyewe atakuja na atakuwa na jina lake. Alimwita "huyu". Watoto ndio waliompa jina. Walisikia ni Jamani Shepadi, wakachukua nusu ya kwanza, na kwa muda mrefu mtaa wetu ulikuwa na vurugu, maana mtoto akiita "Jamani! Jamani!" akina mama walitoka mbio wakidhani kuna nyumba inaungua.

Yule mbwa alipona taratibu. Manyoya yalirudi, isipokuwa mstari mmoja shingoni. Ikaonekana kwamba ni mbwa mkubwa, mzuri, na kwamba habweki. Wageni aliwapokea kwa mkia. Hata kibaka mmoja aliyeingia kuiba kuku wa Mama Mifugo alisindikizwa mpaka barabarani. Mtaa mzima ulicheka. Kengele ya Bwana Mifugo haina ulimi! Tulimngojea mzee atafute nyingine, kama alivyotufundisha. Akasema hawezi kufukuza mali ya mtu.

Hadharani alimburuza kwa kamba na kumkaripia. "Huyu hana akili. Huyu ni hasara." Lakini jioni, akidhani michongoma inamkinga, aliketi kwenye kigoda nyuma ya banda la kuku, akamtolea mbwa dagaa wa Nyasa mmoja mmoja kutoka mfuko ule wa kipimajoto. Alizungumza naye Kingoni, kwa sauti ya chini ambayo sikuwahi kumsikia akiitumia kwa binadamu. Mimi sikujua neno gani lilikuwa neno gani, maana kwetu ni Mbinga na Kingoni chao nakisikia nusu nusu. Lakini sauti ile haikuhitaji mkalimani. Siku moja aliinua kichwa akaniona. Nilikuwa nimesimama na sinia la mchele mkononi, nikipepeta. Aliinuka ghafla, akampiga mbwa teke la uongo, teke lisilofika, akasema kwa nguvu, "Toka hapa, huyu!" Mbwa akatikisa mkia, kwa kuwa hakuelewa mchezo. Mimi niliingia ndani na mchele wangu. Niliona aibu kama niliyemfungulia mtu mlango wa bafu.

Kila mwaka gari la matangazo hupita na kipaza sauti: leteni mbwa uwanja wa shule, chanjo ni bure. Zamani, siku hiyo ilikuwa sikukuu ya Bwana Mifugo. Alikaa kwenye meza chini ya turubai, akawachambua wenye mbwa mmoja mmoja: huyu ana kupe, huyu anakonda, wewe mwenyewe unakonda. Kiti chake sasa kilikuwa na binti aliyefundishwa kazi na mzee mwenyewe, ambaye sote tunamwita Daktari. Huyo alimheshimu mno yule mzee, na pengine hilo ndilo lililoharibu mambo. Kama angekuwa mgeni ingekuwa rahisi kusimama mbele yake na mbwa.

Siku ya chanjo ilipofika, nilimwona mzee akitoka na mbwa kwenye kamba. Alifika mpaka kwenye kona, mahali ambapo uwanja unaonekana. Akasimama pale. Uwanjani kulikuwa na foleni ya vijana na mbwa wao, na watu aliowafokea maisha yake yote, na Daktari mezani. Mzee alitazama, akageuka, akarudi nyumbani. Mwenyekiti alipokuja kuuliza kwa nini hakuja, nilimsikia kwa masikio yangu akisema, "Mimi ni mtaalamu, bwana. Nimemchanja hapa hapa nyumbani." Mwenyekiti akaomba radhi kwa kuuliza.

Mbwa mwekundu tusiyemjua alikuja mchana, katika msimu wa baridi, jua likiwa limetoka kidogo na mimi nimesogeza cherehani nje nipate joto. Alikuwa anatembea upande upande kama mlevi, mate yanamning'inia. Sikujua kuwa ni hatari mpaka alipopanda kibarazani. Nikainuka, kiti kikaanguka. Nilikuwa na suruali ya mtu mkononi, nikaikunjua mbele yangu kama ngao, na yule mbwa akaing'ata suruali akavuta. Ndipo Jamani, ambaye alikuwa karibu, akamrukia.

Watu wamesema alinitetea. Mimi sijui. Pengine alitetea kivuli chake. Ninachojua ni kwamba yule mbwa asiyebweka alitoa sauti ambayo ilimtoa Bwana Mifugo ndani bila koti, na mzee akavuka njia na mpini wa jembe, akampiga mbwa mwekundu mpaka akatulia.

Jamani alikuwa anavuja damu begani. Alimjongelea bwana wake. Mzee hakumtazama. Alinikamata mimi mkono.

"Amekung'ata?"

"Hapana. Suruali tu. Mate lakini..."

Aliigeuza mikono yangu juu. Vidole vya fundi havikosi mikwaruzo ya sindano. Alivitazama, akanivuta mpaka bombani, akafungulia maji, akanisugua kwa sabuni ya mche, akasugua na kusugua mpaka nikaona mikono si yangu tena. "Utakwenda hospitali sasa hivi, utachomwa sindano zote, hata moja usiruke," alisema. "Umenisikia, Mama Shani? Hata moja."

Tulipoinua vichwa, uwanja wangu ulikuwa umejaa. Mwenyekiti amefika, wateja wa Mama wa komoni wamefika, na Mama wa komoni mwenyewe, mikono kiunoni. Watoto wanapiga makofi. "Jamani shujaa! Jamani amemwokoa Mama Shani!" Shani wangu, aliyekuwa na miaka saba, alikuwa ameshanyoosha mikono amkumbatie mbwa shingoni.

"Asimguse mtu!"

Sauti ile ilimfanya mtoto aanze kulia. Bwana Mifugo alisimama kati yake na mbwa.

"Lakini si umemchanja?" mwenyekiti aliuliza.

Mzee alikuwa amevaa fulana iliyotoboka. Bila lile koti alionekana mdogo. Alitutazama mmoja mmoja, na nilidhani atasema ndiyo. Angesema ndiyo tungeamini. Tungempeleka Shani akamkumbatie mbwa.

"Sijamchanja," alisema.

"Ulisema..."

"Nilisema uongo. Huyu si wa kuachiwa, hakuna atakayekuja kumchukua. Ni mbwa wangu. Ni wangu, na sikumchanja kwa sababu niliona aibu kusimama foleni mnione nimemshika."

Hakuna aliyecheka. Ningependa kusema tulinyamaza kwa heshima, lakini haikuwa hivyo. Tulinyamaza kwa sababu kila mtu aligeuka kumtazama Mama wa komoni.

Daktari alifika kabla jua halijashuka, amevaa glavu. Alimkata mbwa mwekundu kichwa kwa ajili ya vipimo, akanawa, kisha akaja kwa mzee na kuinama kidogo. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Fanya kazi yako."

"Kuna njia mbili, mzee."

"Naijua moja."

"Ya pili ni kumchanja leo hii na kumfungia kwenye banda imara, miezi kadhaa. Hagusi mtu wala mnyama. Nitakuja kukagua mwenyewe. Akionyesha dalili, siku hiyo hiyo namlaza asiamke."

"Nilipokuwa kwenye kiti chako sikumpa mtu njia hiyo."

Daktari alitafuta neno la kumsaidia. "Labda wakati huo haikuwepo, mzee."

"Ilikuwepo," alisema. "Ilikuwa inachosha kuifuatilia."

Hapo Mama wa komoni akasogea. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye bajaji, mume wangu ananiharakisha twende hospitali, na nilimwambia dereva asubiri. Sikujivunia kusubiri. Nilitaka kuona mzee akilipwa kwa ajili ya Tomi, na huku sikutaka kuona.

"Mfungieni," Mama wa komoni alisema.

Bwana Mifugo hakuinua macho. "Mama, wa kwako..."

"Wa kwangu aliitwa Tomi, na hata huyu akifa leo, yule harudi. Mfungieni, nimesema."

Aligeuka akaenda zake, na wateja wake wakamfuata. Nimeona watu wakitukanwa mbele ya umati, nimeona mwizi akivuliwa shati sokoni. Sijaona mtu aliyeinamishwa kama Bwana Mifugo alivyoinamishwa na yale maneno mema.

Majibu ya vipimo yalirudi: mbwa mwekundu alikuwa na kichaa. Mimi nilichomwa sindano zangu zote, na kabla ya kila moja mzee alikuwa akisimama njiani asubuhi mpaka anione napanda bajaji.

Banda alilijenga mwenyewe, nondo na wavu mara mbili, chini saruji. Akaliweka mbele ya nyumba, si nyuma, ili Daktari na mtu yeyote waone kwamba halifunguliwi. Chakula aliingiza kwa koleo lenye mpini mrefu. Na kila jioni aliweka kigoda chake nje ya wavu, hatua chache, akazungumza Kingoni mbele ya wapita njia wote. Watu walimsalimu, akaitikia, akaendelea. Mbwa aliweka pua kwenye wavu na mzee akakaa na mikono katikati ya magoti, ameibana, ili isije ikajisahau ikanyooka.

"Mwaka mzima alikuwa anamshika kwa kujificha," Mama Mifugo aliniambia siku alipoleta gauni nimpunguzie. "Anadhani sijui. Mfuko wa koti unanuka dagaa, nafua mimi. Sasa hata aibu imemtoka, na hawezi kumgusa."

Tulianza kuamini kwamba amepona. Baridi ilikuwa inakatika, watu wameanza kusafisha mashamba. Asubuhi moja nilimwona mzee amechuchumaa mbele ya banda kwa muda mrefu. Maji ya usiku hayakuwa yameguswa, na mbwa alikuwa kwenye kona, anatafuna saruji. Mzee aliinuka, akavaa koti, akampigia Daktari simu yeye mwenyewe. Akavuka njia kuja kwangu. "Mama Shani, waingize watoto ndani," alisema, na hakunitazama usoni.

Daktari alimlaza kupitia kwenye wavu, kwa sindano iliyofungwa kwenye fimbo. Nilichungulia dirishani. Mama wa komoni alikuwa amekuja, sijui nani alimwambia, amesimama kando ya mzee na khanga mabegani. Ilipokwisha alisema, "Pole, Bwana Mifugo." Nilijua, na yule mama alijua, kwamba hilo neno mzee hakuwahi kumwambia kwa ajili ya Tomi.

Baada ya hapo tulikwepana, mimi na yeye. Mtu atauliza kwa nini. Mikono yangu ilikuwa mizima. Nilikuwa naendesha cherehani, nalea wanangu, na kila nikiinua kichwa, banda tupu liko mbele yangu. Nilitaka kumwambia asante, lakini asante ya nini? Ya kupoteza? Na yeye akiniona nadhani aliona uongo wake umekaa kibarazani unashona. Alibadilisha njia akawa anapitia upande wa pili, kule kwenye bata mzinga. Mume wangu alisema muda utatibu. Muda ulipita tu.

Alizeeka haraka. Mtoto wake mmoja yuko Namtumbo, analima tumbaku, akataka wazee wahamie kwake. Walianza kugawa vitu.

Wiki moja kabla ya kuondoka alivuka njia. Alikuwa na suruali mbili mkononi. "Zimekuwa kubwa," alisema. "Au mimi."

Nikampima kiuno. Sikuwa nimewahi kumsogelea hivyo. Alinukia sabuni, na chini ya koti hakukuwa na mtu mwingi. Niliandika chaki kwenye kitambaa, nikasema nikiwa nimeinama, kwa kuwa ilikuwa rahisi hivyo, "Baba, sijawahi kukushukuru."

"Usinishukuru."

"Na sijawahi kukupa pole."

Hiyo aliipokea. Aliitikia kwa kichwa, akakaa kwenye benchi la wateja ingawa nilimwambia suruali zitakuwa tayari kesho. Nikashona. Muda ukapita, nikadhani amesinzia.

"Nilipokuwa nakwenda shamba," akasema, "mchana kutwa. Alikuwa anafanya nini?"

Sikuelewa upesi. Kisha nikaelewa. Miaka yote hiyo, kwa sababu ya kuona haya, hakuwahi kuniuliza.

"Alikuwa anakuja hapa," nikamwambia. "Asubuhi tu ukishapinda kona. Analala hapo, ulipoweka mguu, juu ya vipande vya vitambaa. Nilikuwa namfukuza mwanzoni. Akawa ananisubiri nikae, ndipo naye alale."

"Analala vipi?"

"Ubavu. Miguu minne yote upande mmoja, kama mbuzi aliyechinjwa. Nikiendesha cherehani, anakoroma. Nikisimamisha, anafungua jicho moja ananitazama, kama anauliza nimechoka nini. Naendesha tena, anakoroma."

"Anakoroma," mzee alisema.

"Sana. Wateja walidhani ni mume wangu."

Alicheka, na kicheko kikamkatika katikati. Akatazama ile sakafu karibu na buti lake. Vipande vya vitambaa vilikuwepo, vya rangi rangi, sijafagia tangu asubuhi. Akavuta buti lake pembeni, taratibu, akaacha nafasi.

"Hebu endesha," alisema.

Suruali yake ya pili ilikuwa imekwisha, na uzi nilikuwa nimeshaukata. Nikaweka miguu kwenye kanyagio nikaendesha hivyo hivyo, sindano inapanda na kushuka bila kitambaa. Bwana Mifugo aliegemea ukuta akafumba macho. Nikasimamisha kidogo, nikamtazama. Hakuyafumbua. Nikaendelea kuendesha.